Mtoto akiunganisha roboti ya plastiki, itazame mikono yake

Likizo zinapokaribia, swali moja huwarudia wazazi wengi: nimnunulie mtoto kitu gani ambacho hakitamwacha ameinamia simu kutwa nzima? Safari hii swali limekuja likiwa na ugonjwa ndani yake. Mama mmoja ana mtoto wa miaka tisa aliyeanguka kutoka kwenye mwembe, akavunjika mkono wa kulia karibu na kiganja na kufungwa POP. Sasa POP imetolewa. Daktari amesema mfupa umeunga, lakini kiganja kimekakamaa na mtoto anaukwepa mkono huo, hata kijiko anakishika kwa kushoto. Mjomba wake amemletea zawadi: boksi la vipande vya plastiki vya kuunganisha mpaka vitoe kiroboti. Mama anauliza kama amruhusu au alifiche boksi mpaka mkono urudi kama zamani. Anaongeza kwamba nyumbani kuna mdogo wake wa mwaka mmoja na nusu.

Jibu fupi ni kwamba amruhusu, kwa masharti. Masharti hayo ndiyo mada yetu ya leo, kwa sababu mchezo huu unaweza kuusaidia mkono, unaweza kukuonyesha tatizo la kiafya ambalo hujaligundua, na ukiachwa bila uangalizi unaweza kumfikisha mtoto mdogo hospitalini.

Roboti yenyewe ikoje

Roboti za plastiki za kuunganisha zilipata umaarufu mkubwa nchini Japani mwaka 1980, kampuni ya Bandai ilipoanza kuuza mifano midogo ya roboti za tamthilia ya katuni iitwayo Mobile Suit Gundam, iliyoanza kuonyeshwa kwenye televisheni mwaka 1979. Mfano wa kwanza uliuzwa yeni 300. Enzi hizo mtoto alihitaji gundi na rangi ili kuukamilisha. Siku hizi seti nyingi za aina hiyo hubana zenyewe bila gundi, na vipande hutoka kiwandani vikiwa tayari na rangi.

Katika tamthilia hiyohiyo yumo kiroboti wa duara kama mpira anayeitwa Haro, mwenye macho mawili madogo na vifuniko viwili vinavyofunguka kama masikio. Bandai humtengeneza pia kama seti ya kuunganisha. Kwa mtoto anayeanza, au mkono unaopona, Haro ni chaguo zuri kuliko roboti ndefu yenye bunduki na mabawa. Vipande vyake ni vichache, umbo lake halina ncha nyingi kali, na likikamilika linatosha kiganjani. Roboti kubwa za ukoo huo zinaweza kuwa na mamia ya vipande. Ukimpa mtoto seti ya namna hiyo siku ya kwanza, huenda ukaikuta imetupwa uvunguni kabla ya jioni.

Ukifungua boksi utakuta fremu bapa za plastiki. Kila kipande kimeshikiliwa kwenye fremu kwa vijiti vyembamba, na pembeni yake pana namba. Kijitabu cha maelekezo huwa kimejaa Kijapani, lakini usitishike, maana kazi yote imeonyeshwa kwa michoro. Mtoto hutafuta namba, hukitenga kipande, hukigeuza kifanane na mchoro, kisha hukibana kwenye mwenzake mpaka kilie "ta!".

Mazoezi yaliyofichwa kwenye mchezo

Hebu zigawe hatua hizo uone mkono unafanya nini. Kutenga kipande kunahitaji nguvu ya kufumba na kufumbua kiganja. Kukiokota kunahitaji kidole gumba na cha shahada vikutane kwenye ncha. Kukigeuza kunazungusha kifundo cha mkono. Kukibana kunatumia misuli ya kidole gumba. Na katika kazi yote hiyo mkono mmoja hushika huku mwingine ukitenda. Ni miondoko ileile inayotumika kufunga vifungo vya shati la shule, kufungua chupa ya maji, kumenya chungwa na kushika penseli.

Mkono uliokaa ndani ya POP kwa wiki kadhaa hutoka ukiwa mwembamba, ngozi imekauka na viungo vimekaza. Hilo ni la kawaida. Misuli isiyotumika husinyaa, na kiungo kisichokunjwa hukakamaa. Habari njema ni kwamba kwa watoto wengi mkono hurudi wenyewe kadiri wanavyoutumia katika shughuli za kila siku. Tatizo huwa ni hofu, kwani mtoto anakumbuka maumivu ya siku ile alipoanguka. Ukimwambia "kunja mkono mara ishirini" atalia. Ukimpa kazi anayoitamani, ataukunja bila kuhesabu.

Masharti ni haya:

Kwanza, daktari awe amethibitisha kwamba mfupa umeunga na mtoto anaruhusiwa kuutumia mkono. Usijipangie tarehe mwenyewe.

Pili, siku za mwanzo mtu mzima ndiye akate vipande. Mtoto atafute, aokote, ageuze na kubana. Kiganja kikipata nguvu, naye aanze kukata ukiwa karibu.

Tatu, dakika 10 hadi 15 zinatosha kwa mara moja, kisha apumzike. Uchovu na kuvutavuta kidogo ni kawaida. Maumivu makali, au uvimbe unaobaki mpaka kesho yake, ni ishara ya kusimama na kurudi kwa daktari.

Nne, usimwite jirani mwenye "mikono mizuri" aje kuukanda na kuuvuta kwa nguvu ili ufunguke haraka. Hatari yake ni kubwa zaidi kwenye kiwiko, ambako kukunjwa kwa nguvu kunaweza kusababisha mfupa kuota ndani ya msuli, na kiungo kikaganda kuliko mwanzo. Mtoto aukunje mwenyewe, kadiri anavyoweza.

Kama mtoto wako bado yuko kwenye POP, tazama vidole kila siku. Vikiwa vya baridi, vimepauka au kubadilika kuwa vya bluu, vimekufa ganzi, au maumivu yanazidi hata baada ya dawa, usisubiri asubuhi. Huenda POP inabana damu isipite. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo.

Keti karibu, umtazame

Mzazi hapati nafasi nyingi za kumwona mtoto wake akifanya kazi ndogondogo kwa mikono kwa muda mrefu. Roboti hii inakupa nafasi hiyo. Si kipimo cha hospitali na haiwezi kukupa jina la ugonjwa, lakini inaweza kukuambia mahali pa kuuliza.

Tazama macho. Je, anakileta kipande mpaka karibu na pua? Anafumba jicho moja, au anainamisha kichwa upande mmoja kila anaposoma namba? Mpeleke akapimwe macho kabla hujamlaumu kwa uvivu wa darasani. Akichanganya vipande vya kijani na vyekundu kila mara, hasa akiwa mvulana, huenda hatofautishi rangi hizo. Hali hiyo huzaliwa nayo, haimzuii kusoma, lakini mwalimu anapaswa kuijua.

Tazama mikono yote miwili. Mtoto wa miaka tisa kupendelea mkono mmoja ni jambo la kawaida kabisa. Lakini kama mkono mwingine unalala tu mapajani na hausaidii hata kushika, ulizia sababu. Na hapa nimgeukie mama mwenye mtoto mchanga: mtoto wa chini ya mwaka mmoja ambaye tayari hutumia mkono mmoja tu na kuuacha mwingine umefumbwa ngumi, aonwe na daktari. Umri huo ni mapema mno kuchagua mkono, na huenda ule mwingine una udhaifu.

Tazama utulivu wake, ila usiwe hakimu wa siku moja. Mtoto mwenye njaa, mwenye usingizi, au aliyepewa seti iliyozidi umri wake, hatatulia. Kama hawezi kukaa na kazi yoyote anayoipenda, nyumbani na shuleni, kwa miezi mingi, zungumza na daktari. Muulize pia kuhusu usingizi na masikio, maana mtoto asiyesikia vizuri mara nyingi huonekana mtundu.

Lililo zito kuliko yote ni mtoto kupoteza uwezo aliokuwa nao. Aliyekuwa akibana vipande vizuri mwezi uliopita na leo anaviangusha, mkono unatetemeka, mwandiko umeharibika, anayumba akitembea, au anaamka na maumivu ya kichwa na kutapika, asisubiri likizo iishe. Afikishwe hospitali haraka.

Kagua boksi kabla ya kulipa

Seti za namna hii kwetu huja mikononi mwa ndugu wanaosafiri, hununuliwa mtandaoni, na nyingine ni za kuigiza. Usinunue kwa kuvutwa na picha. Kagua mambo yafuatayo.

Umri. Tafuta namba ya umri kwenye boksi. Alama ya duara lenye uso wa mtoto na tarakimu 0-3, likiwa limekatwa na mstari mwekundu, ina maana kifaa hakifai kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu. Hiyo haihusu akili ya mtoto. Hata akiwa mwerevu vipi, koo lake bado ni dogo.

Harufu na kingo. Plastiki yenye harufu kali inayowasha pua, yenye kingo zinazokwaruza, au vipande visivyoingiana mpaka uvigonge, irudishe dukani. Kipande kinachohitaji nguvu nyingi ndicho kinachoponyoka na kuchana kidole.

Betri na sumaku. Haro wa kawaida haihitaji betri, lakini zipo roboti zenye taa au mlio zinazotumia betri bapa kama kifungo. Kama mfuniko wa betri haukufungwa kwa skrubu, usiinunue. Betri hiyo ikikwama kwenye umio inaweza kuunguza nyama ndani ya saa mbili. Mtoto akiimeza, au ukihisi tu kwamba ameimeza, usimtapishe na usingoje aitoe chooni. Kimbia hospitali. Sumaku nazo zikimezwa mbili au zaidi huvutana kupitia kuta za utumbo na kuutoboa.

Gundi na rangi. Uzuri wa Haro ni kwamba hahitaji kimojawapo. Kama mtoto mkubwa anataka kupaka rangi, achague ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto, si mabaki ya rangi ya geti. Rangi za mafuta zinaweza kuwa na risasi, madini yanayoharibu ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Rangi ya kupuliza ipuliziwe nje, na mtoto mwenye pumu akae mbali. Gundi kali ya matone isikae mezani. Ikishika vidole, viloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni na uviachanishe taratibu bila kuvivuta.

Macho tena. Kipande kinapokatwa kwa plaizi huweza kuruka kama risasi. Kata ukielekeza chini, ukikifunika kwa kiganja. Kitu chenye ncha kikichoma jicho, usilisugue, usikichomoe na usiweke dawa yoyote. Lifunike kwa kitu kisicholigusa, kama kikombe kidogo, kisha nenda hospitali. Vumbi la msasa nalo si zuri kwa mapafu, hivyo lowanisha msasa kwanza.

Mdogo wake yuko wapi?

Hapa ndipo ajali nyingi huanzia. Kaka anajenga sakafuni, mdogo anatambaa nyuma yake, na chochote anachokiokota kinaishia mdomoni. Wakaguzi wa vifaa vya kuchezea hutumia kichupa chenye upana wa milimita 31.7. Kipande kinachoingia chote humo huhesabiwa kuwa hatari kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu. Vipande vingi vya Haro vitaingia.

Kazi ifanyike juu ya meza, ndani ya sinia. Ukingo wa sinia huzuia vipande visitawanyike. Mdogo akiwa macho, awe chumba kingine au mikononi mwa mtu. Wakimaliza, hesabuni kwa kufuata namba za kijitabu, kisha fagieni hata vile vijiti vilivyobaki kwenye fremu.

Mtoto akipaliwa na bado anakohoa kwa nguvu au analia, mwache akohoe, usimpige mgongoni. Akishindwa kukohoa, kulia au kupumua, chukua hatua mara moja huku mwingine akiita msaada. Mtoto wa zaidi ya mwaka mmoja, mwinamishe mbele na umpige mara tano katikati ya mabega kwa kisigino cha kiganja. Kisipotoka, simama nyuma yake, weka ngumi juu ya kitovu chini ya mbavu, vuta kwa nguvu kuelekea ndani na juu mara tano. Rudia kwa zamu. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja, mlaze kifudifudi kwenye mkono wako kichwa kikiwa chini, umpige mgongoni mara tano, kisha mgeuze na kumbonyeza katikati ya kifua kwa vidole viwili au kwa kisigino cha kiganja mara tano. Usimbonyeze tumbo. Kwa umri wowote, usichokonoe koo kwa kidole kutafuta kitu usichokiona, maana utakisukuma ndani zaidi. Akipoteza fahamu, anza kumfanyia ufufuo wa moyo na mapafu kama unaujua, na afikishwe hospitali bila kuchelewa.

Kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalijui: plastiki mara nyingi haionekani kwenye picha ya eksirei. Mtoto anaweza kupaliwa, akakohoa sana dakika chache, kisha akatulia na kurudi kuchezea. Kipande kimeshuka kwenye njia ya hewa ya pafu moja. Wiki zinazofuata anakohoa, anatoa mlio kifuani, anatibiwa nimonia au pumu, anapata nafuu na kuugua tena. Ukiwa na mtoto wa namna hiyo, mwambie daktari maneno haya: "Alipaliwa akiwa karibu na vipande vya plastiki." Beba na kipande kinachofanana. Eksirei kuwa safi hakumalizi swali. Maelezo yako ndiyo yatakayomfanya daktari afikirie kuchungulia njia ya hewa kwa kamera. Vivyo hivyo, kamasi yenye harufu mbaya inayotoka tundu moja tu la pua mara nyingi ni kitu kilichosokomezwa humo. Usikichokonoe mwenyewe.

Kwa mgonjwa mtu mzima

Roboti si ya watoto pekee. Mtu aliyepata kiharusi hurudishiwa uwezo wa mkono kwa kurudia kazi zenye maana kwake, na kubana vipande kunaweza kuwa mojawapo. Mkono dhaifu ufanye sehemu yake, japo ni kushikilia tu, huku ule mzima ukisaidia. Lakini mkono uliokufa ganzi hukatwa bila mwenyewe kuhisi, kwa hiyo kisu na plaizi abaki navyo msaidizi. Mwenye maumivu ya baridi yabisi asilazimishe vidole siku vinapovimba. Na kama nyumbani kuna mgonjwa wa kisukari aliyepoteza hisia miguuni, vijiti vya plastiki vilivyobaki sakafuni ni hatari kwake. Anaweza kukanyaga kimoja asubuhi na kukigundua siku kadhaa baadaye, kidonda kimeshaanza. Avae viatu hata ndani, na akague nyayo kila siku.

Je, inafaa pesa yake?

Nikiipima Haro kama kifaa cha afya, naipa alama nzuri kwa urahisi wake, kutohitaji gundi, na furaha ya mtoto kumaliza kitu kwa mikono yake. Kasoro yake ni moja na ni kubwa: ikishaunganishwa, kazi imeisha. Haikutengenezwa ifunguliwe na kubanwa kila siku, na ukijaribu, viungo vitalegea au kuvunjika. Mkono unaopona unahitaji kurudiarudia. Kwa hiyo ichukulie kama kianzio cha kumtoa mtoto woga, halafu endelea na vilivyopo nyumbani.

Navyo vipo vingi. Kuchambua mchele, kupukuchua mahindi, kumenya kunde, kutunga shanga, kusuka ukili, kucheza bao, kuanika nguo kwa vibanio, kukanda unga wa chapati. Gari la waya au la vizibo vya soda linafundisha vidole kama roboti ya Japani, mradi ncha za waya zikunjwe na mtu mzima. Hakuna mzazi anayepaswa kukopa ili mkono wa mtoto upone.

Kama wiki nne hadi sita zimepita tangu POP itolewe na mtoto bado hawezi kufunga kifungo au kukunja kiganja kama mwenzake wa upande wa pili, rudi hospitali na uombe kuonana na mtaalamu wa mazoezi ya viungo au wa tiba kwa vitendo. Hospitali za rufaa kama Muhimbili, KCMC na Bugando hushughulikia matatizo ya aina hii, na hospitali ya wilaya inaweza kukupa barua ya kukuelekeza. Nenda na mtoto, picha za eksirei za zamani, na orodha fupi ya mambo matatu anayoshindwa kufanya nyumbani. Orodha hiyo itamsaidia mtaalamu kujua pa kuanzia.